Shajara ya mradi: wikiendi ya miaka 50 ya dada, nyumba moja watu 17

Februari, mwanzoni

Mradi umefunguliwa rasmi. Dada yetu mkubwa anafikisha 50 tarehe 15 Julai, inaangukia Jumatano, na mwaka huu kasema wazi hataki ukumbi, hataki emsii, hataki kusimama mlangoni anapokea watu huku viatu vinambana. Anataka nyumba moja, nje ya mji, alale na watu wake siku mbili, akiamka awakute, basi. Kaka akasema hiyo rahisi, tunakodi nyumba kubwa tunagawana. Mi nikacheka kimoyomoyo maana nilijua nani atapewa hiyo kazi ya "tunagawana".

Nimeanza kuandika hapa ili maamuzi yakae sehemu moja, grupu la WhatsApp ukiliacha nusu saa unakuta meseji 90 na sabini ni stika.

Uamuzi wa kwanza: sio sapraizi. Binti yake alitaka sana iwe sapraizi, na namwelewa, lakini mtu wa miaka 50 ana kazi, ana dawa zake, ana nywele za kutengeneza, ana siku za likizo za kuomba, na huwezi kumbeba tu Ijumaa ukampeleka mahali bila nguo zake za kulalia. Kwa hiyo tarehe anaijua, watu anawajua, nyumba tutamwonyesha tukishalipa. Sapraizi tutaificha ndani ya wikiendi yenyewe, ndogo lakini ya nguvu. Hiyo nitaiandika ikikaa sawa.

Tarehe nimeweka mbili tu zipigiwe kura, wikiendi ya kabla na wikiendi ya baada. Ukiweka tarehe tano kila mtu anachagua yake na hamfiki popote. Imeshinda ya baada, Ijumaa 17 hadi Jumapili 19.

Februari, wiki ya mwisho

Idadi. Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko kote mpaka sasa, na sijutii, maana kila kitu kingine kinaning'inia hapo.

Waliosema "tupo" kwenye grupu ni 24. Nikamfuata mmoja mmoja inboksi nikauliza maswali matatu: unalala usiku zote mbili? unalala na nani? uko tayari kutoa nusu ya mgao wako mwezi wa tatu kabla hatujabuku? Swali la tatu ndo chujio lenyewe. Kutoka 24 tukashuka hadi 17, na hao saba waliopungua wala hakuna aliyegombana na mtu, walikuwa tu wanafurahia wazo.

Kwa hiyo: dada na shemeji. Mama na shangazi. Kaka na wifi na mtoto wao mchanga. Mimi na mume wangu. Binti yake dada, pamoja na dada yake shemeji. Mdogo wetu wa mwisho na binamu. Watoto wanne, wawili wangu wawili wa kaka. Watu wazima 12, watoto 4, mchanga 1.

Kumbuka hii kama unatafuta kwenye Airbnb, ule mtandao wa kukodi nyumba, mtoto wa chini ya miaka 2 hahesabiwi kwenye idadi ya wageni, kwa hiyo sisi kwao ni 16. Kuna makala za zamani bado zinazunguka zinasema mwisho ni watu 16 kwa nyumba, ile ilikuwa sheria ya Agosti 2020 wakati wa korona, ikaondolewa Juni 2022 kwa nyumba zinazoweza kubeba watu wengi zaidi. Ila mwezi huohuo wa 2022 wakafanya marufuku ya mapati kuwa ya kudumu, na hilo linatuhusu, nitalirudia.

Machi, wiki ya kwanza

Kutafuta nyumba. Ukiandika wageni 16 unaletewa nyumba kibao zenye picha za kutoa machozi. Sasa ukishafika kwenye picha usiangalie bwawa, usiangalie machweo, hesabu vitanda, tena kwa kidole.

Nyumba moja iliandikwa "inalala 18". Nikahesabu: vyumba vinne vya kitanda kikubwa, hiyo ni 8. Sofa za kukunjua mbili sebuleni, 4, tumefika 12. Halafu kuna "loft", yaani dari ndogo juu ya ngazi ya kupanda kwa mikono, magodoro manne chini yamepangwa bila hata nafasi ya kupita, 16. Wawili wa mwisho sijui wanalala wapi, nimemuuliza mwenye nyumba akajibu "kuna godoro la akiba". Sasa mama wa miaka sabini na kitu utampandisha darini? Na sofa ya sebuleni maana yake anayelala pale ndo wa mwisho kulala na wa kwanza kuamshwa, kwa sababu watoto wanapita hapo saa kumi na mbili asubuhi wanatafuta maji.

Vigezo vyetu nikavishusha hivi, na mtu yeyote akileta linki isiyovifikisha siifungui:

- chumba kimoja cha chini chenye bafu lake, kwa ajili ya magoti ya mama
- vyoo visivyopungua vitatu
- meza au meza mbili zinazokaa watu 16 kwa pamoja, kwenye picha zionekane, sio maneno
- kama kuna bwawa, uzio na geti la kujifunga lenyewe

Hicho cha mwisho kimetuua nyumba tuliyoipenda kuliko zote. Kaka alibisha kidogo, anasema tutakuwa tunawaangalia watoto kwa zamu. Shida ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele, mdomo unakuwa unazama na kuibuka hana hata pumzi ya kuita, wala mikono hairushirushi kama watu wanavyodhani. Watu wazima 12 mkiwa kwenye mazungumzo kila mmoja anajua mwenzake anaangalia. Nyumba ikafutwa, na wifi akanitumia meseji pembeni, "asante wifi yangu, mi nilikuwa naogopa kusema."

Machi, katikati

Tukio. Nyumba ya bei nzuri ajabu, vyumba saba, mwenyewe anajibu haraka sana kila kitu kwake "hakuna shida". Baadaye anasema tuhamie nje ya mtandao, tumtumie hela moja kwa moja atupunguzie. Nikachukua picha yake ya sebule nikaitafuta kwa picha, ikatokea kwenye tangazo la nyumba nyingine kabisa, nchi nyingine. Nikamwomba apige video fupi anatembea toka getini hadi jikoni, akanyamaza mpaka leo. Ombi la video halimgharimu mtu mwenye nyumba kweli hata dakika tano. Sasa hivi ni swali langu la kwanza, kabla ya bei.

Mume wangu ananiuliza mbona napenda sana hii kazi. Sijamjibu.

Machi, mwishoni: nyumba imepatikana

Vyumba sita. Viwili vina bafu ndani, kimoja kiko chini. Vitatu vya kawaida, kimojawapo kina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Kimoja cha vitanda vya ghorofa, nafasi nne, hicho cha watoto. Sofa moja ya kukunjua, ila iko kwenye kijisebule cha nyuma chenye mlango, sio pale katikati ya dunia. Bwawa hakuna kabisa, amani.

Kabla ya kubuku nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe mrefu nikasema ukweli wote: ni bethidei ya miaka 50, tuko watu wazima 12 watoto 4 na mchanga, hakuna mgeni wa nje anayelala, muziki ndani tu, na saa nne usiku spika inazimwa. Kuna watu waliniambia usimtajie neno bethidei atakukatalia. Mi naona kinyume chake, kinachomtisha mwenye nyumba ni neno "pati" analokuja kuligundua Jumamosi usiku kwa simu ya jirani, na huko kwenye mitandao ya kubuku hiyo inatosha kufungiwa akaunti na kutolewa nje usiku huohuo. Ukimwambia mapema na yeye akajibu kwa maandishi kwamba sawa, una ushahidi. Akajibu sawa, akaongeza masharti mawili: hakuna seloteipu ukutani, hakuna vile vikaratasi vya kumeremeta vya kurusha. Haki yake, vile vinakaa kwenye zulia miaka.

Nikamuuliza na kamera. Kasema kuna moja getini, ndani hakuna. Kwa Airbnb kamera za ndani zimepigwa marufuku tangu 30 Aprili 2024, za nje zinaruhusiwa ila lazima zitajwe kwenye tangazo. Kifaa cha kupima kelele kinaruhusiwa sebuleni kikitajwa, hakirekodi maneno, kinapima ukubwa wa sauti tu. Hapa hakipo, lakini shangazi akicheka kingehitajika.

Aprili: hela

Haya, sehemu chungu.

Pendekezo la kwanza kwenye grupu lilikuwa gawanya kwa vichwa. Rahisi, ila sio haki, maana anayelala kwenye sofa analipa sawa na mwenye kitanda kikubwa na bafu lake. Pendekezo la pili, gawanya kwa vyumba, nalo linamuumiza aliye peke yake. Nikaamua kugawa kwa kitanda, kila kitanda kina uzito wake:

chumba chenye bafu ndani, kila mtu hisa 1.25. Chumba cha kawaida, hisa 1. Sofa, hisa 0.6. Mtoto, 0.5. Mchanga, sifuri. Mwenye bethidei, sifuri, hiyo haijadiliwi.

Jumla: shemeji 1.25, mama na shangazi 2.5, watu sita wa vyumba vya kawaida 6, sofa watu wawili 1.2, watoto wanne 2. Inakuja hisa 12.95. Unachukua gharama yote, na nikisema yote namaanisha kodi pamoja na ada ya usafi pamoja na ada ya huduma ya mtandao, sio ile namba kubwa ya mwanzo inayokuvutia, unagawa kwa 12.95, unapata bei ya hisa moja. Kwa hiyo hisa moja ni kama asilimia 7.7 ya gharama yote. Nimeweka kwenye jedwali, kila mtu anaona mstari wake na mistari ya wenzake. Hiyo ya kuona ya wenzake ndo inayofanya kazi, meseji za kukumbushia sijaandika hata moja wiki hii.

Mama alikataa kusamehewa. "Mwanangu, nikila bure hapo nitashindwa kuwaambia mnyamaze." Kalipa siku ya kwanza, wa kwanza kabisa.

Mkataba unasema ukighairi siku 30 au zaidi kabla, unarudishiwa yote, ukichelewa hapo unapata nusu. Siku 30 kabla ya 17 Julai ni 17 Juni. Kwa hiyo awamu ya pili ya hela mwisho ni 10 Juni, ili nipate wiki nzima ya kuamua kama kuna pengo. Mi naona hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanaweka mwisho wa michango siku wanayosafiri, wakati mwenye nyumba alishawafunga mwezi mmoja nyuma.

Binamu hajalipa awamu ya kwanza. Kaandika "mi niko ndani asilimia mia 💯". Asilimia mia ya nini sasa.

Mei

Mwezi wa maswali madogo kwa mwenye nyumba, niliyakusanya nikamtumia yote kwa pamoja ili nisimchoshe.

Vyombo: sahani za kulia ziko 12. Nyumba inalala 16, sahani 12! Vikombe 10. Sufuria kubwa kuliko zote ni ya lita 5. Supu tu, ukimpa kila mtu mililita 350, watu 16 ni lita 5 na nusu na zaidi, na hiyo sufuria hata ukiijaza hadi mdomoni haitoshi. Kwa hiyo sufuria mbili kubwa zinatoka kwa shangazi, sahani za nyongeza kwa wifi.

Maji ya moto: hita moja, tenki la lita 200. Hii nikakaa na mdogo wetu wa mwisho tukapiga hesabu, yeye anapenda mambo hayo. Maji ya tenki nyuzi 60, ya bomba tuseme 15, mtu anaoga kwenye nyuzi 40, shawa inatoa kama lita 9 kwa dakika. Mtu akioga dakika 8 anatumia lita 72, na kati ya hizo kama 40 zinatoka kwenye tenki. Maana yake watu watano, wa sita anapiga kelele. Na tenki likiisha, kwa hita ya kilowati 3 kupasha lita 200 upya inachukua kama masaa matatu na nusu. Sasa fikiria Jumamosi asubuhi watu 16 wote wanataka kuoga kabla ya picha ya pamoja.

Suluhisho halikuwa hela, ni zamu. Watoto na nusu ya watu wazima wanaoga usiku, wazee na mwenye bethidei asubuhi wakiwa wa kwanza, waliobaki mchana. Ratiba inabandikwa kwenye friji kwa sumaku, sio seloteipu. Kaka kasema hii sasa imekuwa bweni. Nikamwambia bweni lingekuwa na sahani za kutosha.

Chakula nimegawa kwa familia, kila familia mlo mmoja, kuanzia kununua hadi kuosha. Msipike wote kwa pamoja, jikoni ya nyumba ya kukodi haibebi wapishi sita wenye maoni. Mlo mkubwa wa Jumamosi usiku tumeagiza kwa mpishi wa nje ataleta na kuondoka, kwa sababu sitaki dada asimame jikoni, na namjua, akiona mtu anakatakata vitunguu vibaya atasimama.

Juni, kabla ya tarehe 10

Wengine wote wamemaliza. Binamu hajalipa hata awamu ya kwanza. Nilimpigia, tukaongea vizuri tu, nikamwambia, "ndugu yangu, tarehe 10 saa sita usiku nafasi inakwenda kwa mwingine, sio hasira ni jedwali." Akasema poa, kesho.

Juni 11

Kesho haijafika. Na hapa ndo sapraizi imejipanga yenyewe.

Rafiki yake dada, walisoma wote, walilala bweni moja, waliachana kimakazi miaka mingi wanaongea kwa simu tu. Binti yake dada ndo alimtafuta. Nilimwandikia mchana nikamweleza kuna nafasi moja, hisa 1. Alilipa kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Ila sasa vitanda. Nafasi iliyobaki ni nusu ya sofa, nusu nyingine ni ya mdogo wetu wa mwisho, mwanaume, huwezi kumweka mama wa watu hapo. Tukazungusha: rafiki anachukua kitanda cha binti, kwenye chumba kimoja na dada yake shemeji, wote rika moja wataelewana. Binti anapata sofa peke yake, mlango unafungwa. Mdogo wetu wa mwisho anakwenda na godoro la upepo kwenye chumba cha watoto, na watoto wakasikia hivyo wakashangilia, yeye hakushangilia. Hisa hazijabadilika hata kidogo, 12.95 ileile, 0.6 ya binamu imekuwa ya binti na 1 ya binti imekuwa ya mgeni.

Mwenye nyumba nimemtumia mabadiliko ya jina. Dada hajui.

Julai, wiki ya safari

Nimehesabu muda. Kuingia ni Ijumaa saa kumi jioni, kutoka ni Jumapili saa nne asubuhi. Hayo ni masaa 42, ukitoa masaa 16 ya kulala unabaki na 26, na ndani yake kuna milo mitano. Kwa hiyo nimefuta mashindano, nimefuta karaoke, nimefuta "kila mtu atoe neno" la dakika tano tano, watu 15 mara dakika tano ni saa na robo ya watu wanalia na chakula kinapoa. Limebaki jambo moja la lazima kwa siku: Ijumaa kula pamoja, Jumamosi keki na picha, Jumapili chai na kufunga mizigo.

Keki inasafiri ikiwa vipande viwili, inaunganishwa kulekule. Inakaa kwenye sakafu ya buti ambako ni bapa, sio kwenye siti wala mapajani kwa mtu, siti imeinama na mapaja yanapata joto. Mishumaa ni ya tarakimu, 5 na 0. Kuna aliyetaka mishumaa 50 kamili. Jamani, wa kwanza anakuwa ameshamwagika kwenye krimu kabla hujawasha wa thelathini.

Picha za ukutani: kila mtu alituma moja aliyopiga na dada, zimechapishwa, zinatundikwa kwa kamba na vibanio vya nguo kutoka kwenye kishikio cha pazia hadi kingine. Ukuta haujaguswa.

Binamu kauliza kama anaweza kuja Jumamosi mchana kula tu arudi. Nimemuuliza mwenye nyumba, kakubali mtu mmoja, jina limeandikwa, saa kumi na mbili awe ametoka.

Jumapili 19 Julai, usiku, nimerudi

Naandika haraka kabla sijasahau.

Mimi na mume wangu tulifika kabla ya mtu yeyote, nikapiga picha kila chumba, kila ukuta, sehemu ya ndani ya oveni, doa lililokuwa tayari kwenye zulia la ngazi. Nikamtumia mwenye nyumba lile doa palepale. Vitanda nilivibandika majina kwa karatasi zilizowekwa juu ya mito, kwa hiyo hakukuwa na zile mbio za mizigo mlangoni.

Rafiki yake dada alifika Ijumaa jioni tukiwa mezani. Dada alikuwa ameupa mlango mgongo, anamwelekeza wifi jinsi ya kumbeba mchanga, kama wifi hajui. Yule rafiki hakusema kitu, akavuta kiti akakaa, akachukua kijiko akaonja kwenye sahani ya dada. Dada akageuka kwa hasira kabisa, "nani huyu anakula...", halafu sentensi haikuisha. Akampiga kofi la bega kwanza. Ndo baadaye wakakumbatiana, na shangazi akaanza vigelegele saa mbili usiku, ndani ya muda halali.

Zamu za kuoga zilifanya kazi Jumamosi. Jumapili zilivunjika, mume wangu akaoga ya baridi, kasema ni nzuri kwa mishipa.

Jambo moja ambalo sikulipanga likawa ndo bora: Jumamosi alasiri hatukuwa na kitu. Baada ya keki, baada ya picha, masaa matatu matupu. Wazee wakalala, watoto wakamzika mdogo wetu wa mwisho kwa mito, dada na rafiki yake wakakaa barazani miguu juu ya stuli moja wakiongea kwa sauti ya chini, na kila mtu aliyepita karibu walinyamaza wakamwangalia mpaka apite. Ningekuwa na ratiba ningewaita waje wacheze gemu.

Glasi mbili zimevunjika. Nilimwandikia mwenye nyumba dakika ileile na picha ya vipande, sikusubiri agundue.

Julai 29

Mwenye nyumba akikupata kwenye Airbnb ana siku 14 toka ulipotoka kuwasilisha dai la uharibifu, kwa hiyo nilikuwa sijafunga hesabu. Leo dhamana, ile hela tuliyomwekea mwenye nyumba kwa ajili ya uharibifu, imerudi, imekatwa glasi mbili tu, na kaandika tunakaribishwa tena. Nimegawa iliyobaki kwa hisa zilezile, mchana wote nilikuwa natuma hela na kubandika skrinshoti kwenye grupu.

Saa mbili usiku binamu kaandika: "na sisi wengine dhamana yetu inaingia lini?"

Nimemtumia mstari wake wa jedwali.